Nakimbia dakika 40: ninywe kinywaji cha michezo au maji?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 36 na uzito wa kilo 78. Nilianza mazoezi ili nipunguze uzito: siku nne kwa wiki nakimbia kilomita 5, natumia kama dakika 40, na siku mbili naingia jimu kwa saa moja. Wenzangu kwenye kikundi chetu cha mbio hawatoki nyumbani bila chupa ya kinywaji cha michezo. Wananiambia jasho linaondoka na chumvi, na maji matupu hayairudishi, kwa hiyo ipo siku nitabanwa na misuli au nitaanguka njiani. Mwanangu wa miaka 11 anayecheza soka naye ameanza kudai chupa yake. Tena nimejiandikisha nusu marathoni itakayofanyika miezi mitatu ijayo. Je, vinywaji hivi vina faida kweli, au ninywe maji tu?

JIBU: Dada yangu, kwa mbio za dakika 40 na jimu ya saa moja, kunywa maji. Mwanao naye anywe maji. Nusu marathoni ni jambo jingine, na huko nitakubaliana na wenzako kwa kiasi fulani. Ila sitaki nikupe amri tu, kwa sababu hoja yao ina ukweli ndani yake, na usipojua ukweli huo unaishia wapi, wiki ijayo watakushawishi tena.

Tuanze na chupa yenyewe. Shika ile ya nusu lita, igeuze upande wenye maandishi madogo, usome taratibu. Sukari ni gramu 6 hadi 8 kwa kila mililita 100, yaani gramu 30 hadi 40 kwa chupa nzima. Hapo angalia vizuri, maana baadhi ya chupa huandika kiasi cha "mgawo mmoja" wakati ndani mna migawo miwili, na anayesoma haraka huona nusu tu ya anachokunywa. Sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayotuhusu leo, kwa kawaida ni kati ya miligramu 200 na 250 kwa chupa. Potasiamu ipo kidogo. Halafu kuna asidi ya sitriki, rangi na ladha, na kilichobaki chote ni maji. Ukikuta wameongeza vitamini, zisikushughulishe: mbio za dakika 40 hazimmalizii mtu vitamini.

Kwa hiyo ukiondoa rangi na ladha, unabaki na maji, sukari na chumvi kidogo, na kila kimoja kiliwekwa kwa sababu. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Florida nchini Marekani, daktari wa figo aliyeitwa Robert Cade aliulizwa swali na kocha msaidizi: kwa nini wachezaji wa timu ya chuo, wale wa mpira wa Kimarekani, wanapoteza kilo kadhaa katika mchezo mmoja na bado karibu hawaendi kabisa haja ndogo? Cade na wenzake wakawapima wachezaji, wakaona maji na chumvi nyingi vimetoka kwa jasho na sukari ya damu imeshuka. Wakachanganya maji, sukari na chumvi, wakatia maji ya limau ili kinyweke. Ndicho kilichokuja kuitwa Gatorade. Sasa waangalie walengwa wake: vijana wenye miili mikubwa, kofia ngumu kichwani na mavazi mazito ya kujikinga, wanapigana vikumbo kwa saa kadhaa kwenye joto kali. Kwao kilifaa, na kwa watu wa namna hiyo kinafaa hadi leo.

Hata kuziweka sukari na chumvi pamoja kuna maana yake. Ukuta wa utumbo mwembamba una protini inayobeba sodiamu na glukosi, aina ya sukari nyepesi, kwa mkupuo mmoja na kuvivusha viingie mwilini. Kupitia mlango huo glukosi haivuki bila sodiamu, na vikishavuka, maji huvifuata. Robert Crane alieleza utaratibu huu mwaka 1960, na ndio unaoifanya dawa ya ORS, ile anayopewa mtu anayeharisha, ifanye kazi.

Nitoke kidogo kwenye swali lako, kwa kuwa una mtoto nyumbani. Watu wengi wanadhani ORS na kinywaji cha michezo ni ndugu wanaoweza kushikiana nafasi. Sivyo. Mchanganyiko wa ORS uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF tangu mwaka 2002 una milimoli 75 za sodiamu kwa lita (milimoli ni kipimo cha maabara cha wingi wa kitu) na gramu 13.5 tu za glukosi. Kinywaji cha michezo kina sodiamu ya milimoli 20 hivi, na sukari gramu 60 au zaidi kwa lita hiyo hiyo. Mtoto anayeharisha akipewa kinywaji cha michezo badala ya ORS, anapata chumvi pungufu na sukari iliyozidi, na sukari nyingi tumboni huvuta maji kuyarudisha kwenye utumbo. Kuharisha kunaweza kuongezeka.

Turudi kwako, tuanze na maji.

Mtu anayefanya mazoezi hutoka jasho kuanzia nusu lita hadi lita mbili kwa saa, kutegemea joto, kasi na ukubwa wa mwili wake. Katika mazoezi ya muda mrefu uwezo huanza kushuka upungufu wa maji unapopita takriban asilimia 2 ya uzito, hasa kukiwa na joto. Kwako wewe asilimia 2 ni kilo moja na nusu na ushei. Je, unafika huko? Usinisikilize mimi wala wenzako, jipime. Kabla ya kukimbia nenda haja ndogo, vua nguo, panda mizani, andika. Kimbia kama kawaida, ukikumbuka kiasi cha maji utakayokunywa njiani. Ukirudi, jifute jasho lote kwa taulo, vua tena, panda mizani. Kilo moja iliyopungua ni sawa na lita moja ya maji, jumlisha na ulichokunywa. Tuseme ulianza na kilo 78.0, umerudi na 77.6, na njiani ulikunywa mililita 200. Umetoka jasho mililita 600 kwa dakika 40, ambayo ni sawa na mililita 900 kwa saa. Hata usingekunywa hata tone, ungekuwa umepungukiwa kwa chini ya asilimia 1. Rudia kipimo hicho siku ya joto na siku ya baridi, utapata picha ya mwili wako ambayo hakuna lebo ya chupa inayoweza kukupa. Tena hizo namba zitunze, tutazihitaji kwenye nusu marathoni.

Huenda umesikia pia kwamba ukisubiri kiu umeshachelewa. Maneno haya yamewatia watu wengi hofu isiyo na msingi. Ubongo unapima ukolezi wa damu muda wote, na ukolezi ukipanda kwa asilimia 1 au 2 tu, homoni ya vasopresini huziamuru figo zibanie maji na kiu huamka. Kwa mtu mzima mwenye afya anayefanya mazoezi ya kiasi chako, kiu ni kipimo cha kuaminika. Wazee ni kundi la kuangaliwa zaidi, maana kwao kiu hufifia.

Sasa sukari, na hapa nina mengi ya kusema, kwa sababu lengo lako ni kupunguza uzito.

Mwili huweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni: gramu 300 hadi 500 kwenye misuli, na kama gramu 100 kwenye ini. Akiba hiyo inatosha mazoezi makali ya saa moja na nusu hadi mbili kabla haijapungua kiasi cha kumfanya mtu ajione miguu imeisha. Ndiyo maana anayeendesha baiskeli saa tatu au anayekimbia marathoni hupata nafuu ya kweli akinywa sukari njiani, gramu 30 hadi 60 kwa saa. Hilo limethibitishwa mara nyingi na sina ubishi nalo. Wewe unamaliza mbio zako akiba ikiwa bado ipo, ilimradi ulikula vizuri jana na leo. Unachomimina juu yake ni ziada.

Tuifanye hesabu. Kukimbia hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kilomita 5 kwa mtu wa kilo 78 ni kalori 390 hivi. Chupa moja yenye gramu 35 za sukari ina kalori 140. Ukinywa moja kabla ya kuondoka na nyingine ukirudi, kama wafanyavyo wengi, umerudisha kalori 280. Karibu robo tatu ya kazi uliyoifanya kwa jasho lako imerudi kabla hujaketi kula. Mara nyingi naulizwa na watu waliokata tamaa, "Mbona nafanya mazoezi na mizani haisogei?" Kabla sijagusa chakula chao, naomba waniorodheshee wanachokunywa, na jibu huwa limo humo mara nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja inaivuka hiyo ya pili peke yake.

"Lakini nikinywa najisikia nina nguvu zaidi!" Inawezekana kabisa, na si lazima iwe ni kujidanganya. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham nchini Uingereza, akiwemo Asker Jeukendrup, waliwapa waendesha baiskeli kazi ngumu ya kama saa moja. Walisukutua kinywa kwa maji yenye wanga usio na utamu, kisha wakatema. Hawakumeza kitu. Hata hivyo walimaliza kwa wastani wa dakika 59 na ushei, badala ya 61 na ushei walizotumia waliposukutua kwa maji yasiyo na wanga. Kundi hilo la watafiti lilijaribu pia kuingiza glukosi moja kwa moja kwenye mshipa wa damu katika kazi ya muda kama huo, na mwendo haukubadilika. Maana yake, kwenye mazoezi ya saa moja misuli haikuwa na njaa ya sukari. Kinywa kina vipokezi vinavyoutaarifu ubongo kwamba chakula kinakuja, nao ubongo unaulegezea mwili breki. Mimi huo utafiti unanifurahisha kila ninapoueleza. Kwa mshindani anayetafuta sekunde, ni habari muhimu, na anaweza kusukutua na kutema. Kwa anayekimbia ili apungue uzito, haumpi sababu ya kumeza gramu 35 za sukari.

Zipo pia aina zisizo na sukari, na vidonge vya kuyeyusha kwenye maji. Hizo hazina nishati ya kuendeshea misuli. Ni maji yenye ladha na chumvi. Kama maji matupu yanakushinda na ladha ndiyo inayokufanya unywe vya kutosha, sina kipingamizi.

Tufike kwenye chumvi, kwenye kiini cha maneno ya wenzako. Ni kweli kwamba jasho lina chumvi. Umeionja mwenyewe mdomoni. Kwa wastani lita moja ya jasho huondoka na karibu gramu moja ya sodiamu, ingawa watu hutofautiana sana, na aliyezoea joto jasho lake huwa na chumvi pungufu zaidi. Katika zile mililita 600 ulizopoteza, chukulia imetoka sodiamu ya miligramu 550 hivi, ambayo ni kama robo kijiko cha chai cha chumvi ya kupikia. Mlo mmoja wa kawaida uliotiwa chumvi unairudisha hiyo. Watu wengi duniani hula chumvi karibu mara mbili ya kiwango kinachoshauriwa, kwa hiyo akiba si tatizo, na figo zikihisi sodiamu inapungua huacha kuitoa kwenye mkojo. Tena linganisha na chupa: ina miligramu 200 hadi 250. Hata kama hofu yao ingekuwa ya haki, chupa hiyo isingerudisha hata nusu.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa ulishike kuliko yote niliyoandika hapa. Damu ina sodiamu ya milimoli kama 140 kwa lita. Jasho la mtu wa kawaida lina milimoli 40 hivi. Jasho basi ni jepesi kuliko damu: ukitoka jasho unapoteza maji mengi na chumvi kidogo, na damu inayobaki inakuwa nzito zaidi kwa chumvi. Haipungukiwi. Jasho peke yake, katika mazoezi ya saa moja au mbili, halishushi sodiamu ya damu. Kinachoishusha ni kunywa kupita kiasi.

Hili si jambo la kinadharia. Kwenye Boston Marathon ya mwaka 2002 mkimbiaji mmoja wa umri wa miaka 28 alifariki kwa sababu hii. Katika mbio hizo hizo watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005: asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya milimoli 135 kwa lita au chini yake, na watatu walikuwa chini kiasi cha kuhatarisha maisha. Dalili iliyoashiria tatizo kwa nguvu kuliko nyingine ilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio, yaani mtu alikunywa zaidi ya alichotoka jasho. Waliotumia zaidi ya saa nne pia walikuwa hatarini zaidi. Na aina ya kinywaji haikuleta tofauti: waliokunywa maji na waliokunywa vinywaji vya michezo walipata tatizo sawa. Ukikumbuka zile milimoli 20 za sodiamu kwenye chupa dhidi ya 140 za damu, utaona kwa nini. Kwa damu yako kinywaji cha michezo ni karibu sawa na maji. Anayekunywa chupa baada ya chupa akiamini chumvi iliyomo inamlinda, anaamini ulinzi ambao haupo.

Kubanwa na misuli? Imani kwamba ni ukosefu wa chumvi ni ya zamani, lakini wakimbiaji wa masafa marefu na wanatriathloni (wanaoshindana kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia) waliobanwa wamepimwa damu zao na kulinganishwa na wenzao wasiobanwa, na haikuonekana tofauti ya maana ya sodiamu wala ya upungufu wa maji. Maelezo yenye nguvu zaidi ni uchovu wa misuli na mishipa ya fahamu inayoiendesha: mtu amekwenda kasi au mbali kuliko alivyojiandaa. Ukibanwa, simama, uunyooshe msuli taratibu, na wiki inayofuata punguza kasi ya kuongeza kilomita.

Wapo watu ambao chumvi kwao ni suala la kweli. Mtu anayefanya mazoezi kwa saa nyingi kwenye joto, anayerudia mara mbili kwa siku moja, au yule ambaye jasho likikauka linamwachia michirizi myeupe kwenye fulana na kofia. Huyo kinywaji cha michezo kinamfaa, na chakula chenye chumvi baada ya mazoezi kinamfaa zaidi. Kwa upande mwingine, mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa figo au wa moyo asiongeze chumvi wala kubadili kiasi cha maji bila kuzungumza na daktari wake. Mwenye kisukari anayetumia insulini ana hesabu yake tofauti kabisa: gramu 15 hadi 20 za sukari ya majimaji zinaweza kumwokoa sukari yake ikishuka, kwa hiyo kwake chupa hiyo mkobani ni tahadhari ya busara.

Kuhusu mwanao, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilisema wazi mwaka 2011 kwamba kwa mtoto anayecheza michezo ya kawaida, maji yanatosha. Mtoto wa miaka 11 akicheza saa moja anahitaji chupa ya maji pembeni ya uwanja, ruhusa ya kwenda kuinywa, na chakula akirudi nyumbani. Siku ya mashindano ya mechi kadhaa mfululizo juani, kinywaji cha michezo kidogo katikati ya mechi hakitamdhuru. Kinachonitia wasiwasi ni mazoea ya kila siku, na meno yake yakiwemo. Vinywaji hivi vina asidi; vingi viko kati ya pH 3 na 4 (pH ni kipimo cha asidi, na namba ikishuka asidi ni kali zaidi), na gamba gumu la jino huanza kupoteza madini pH ikishuka chini ya 5.5 hivi. Mtu anayecheza kinywa kimekauka, mate ya kuosha asidi ni machache, naye ananyonya chupa kidogo kidogo kwa saa nzima. Hakuna namna mbaya zaidi ya kuyaogesha meno. Akinywa, anywe kwa mara moja kisha asukutue kwa maji.

Na tafadhali usiruhusu avichanganye na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini, ambavyo huwekwa rafu moja na hivi na hufanana kwa rangi. Chama hicho hicho kilisema mtoto na kijana wasipewe kabisa.

Sasa nusu marathoni. Kwa kasi yako ya dakika 8 kwa kilomita, kilomita 21 zitakuchukua karibu saa tatu. Hapo akiba ya wanga itafikia ukingoni, na kinywaji cha michezo kinaingia kazini kwa haki. Lenga gramu 30 za sukari kwa saa, yaani nusu lita hivi, ukianza mapema baada ya nusu saa ya kwanza badala ya kungoja uchoke. Ikiwa tumbo linakubali, unaweza kupanda kidogo saa ya tatu. Usikoleze kupita kiasi ukidhani nguvu itaongezeka: soda na juisi za matunda hufika gramu 10 au zaidi kwa mililita 100, na ukolezi huo hukaa tumboni, hukuvimbisha na kukuletea kichefuchefu. Utumbo unaopitisha glukosi peke yake hufika ukomo wa kama gramu 60 kwa saa. Waendesha baiskeli wa kulipwa hufika 90 na zaidi kwa kuchanganya glukosi na fruktosi, sukari ya matunda, ambayo ina mlango wake mwingine, lakini hiyo si hesabu ya mbio zako za kwanza.

Mazoezi ya kunywa ufanye sasa, usingoje siku ya mbio. Kila wiki utakuwa na mbio moja ndefu. Ikivuka dakika 90, beba kinywaji kile kile utakachotumia siku yenyewe. Tumbo nalo hujifunza. Ukitaka kujitengenezea nyumbani, chukua lita moja ya maji safi, gramu 60 za sukari, yaani vijiko vya chai 15 vilivyosawazishwa, na chumvi robo kijiko cha chai isiyojaa. Kamulia limau, tikisa mpaka vyote viyeyuke. Pima, usikadirie kwa macho, hasa chumvi. Kimsingi haina upungufu wowote ukilinganisha na ya dukani.

Siku yenyewe, toa zile namba za mizani. Kama unatoka jasho mililita 900 kwa saa na unakunywa nusu lita kwa saa, baada ya saa tatu utakuwa umepungukiwa kilo 1.2 hivi, chini ya asilimia 2. Hapo uko salama na hujajaza tumbo. Usinywe kwenye kila kituo kwa sababu tu kikombe kimenyooshwa mbele yako. Wakimbiaji wa kasi ya polepole, na mimi na wewe tumo humo, ndio wenye muda wa kusimama kila kituo na ndio wanaozidisha. Ukianza kuhisi kichefuchefu, kichwa kinauma, na pete au saa inabana kwa kuwa mikono imevimba, acha kunywa na utafute hema la madaktari. Ukimwona mwenzako ameanza kuchanganyikiwa maneno, mpeleke huko huko na usimlazimishe maji, kwa sababu dalili za sodiamu kushuka zinafanana na za upungufu wa maji, na maji zaidi yanaweza kummaliza.

Ukivuka mstari wa mwisho, huna haja ya kukimbilia chupa. Kunywa kwa kiu, kula mlo wako wenye chumvi ya kawaida, na mpaka jioni mwili utakuwa umejisawazisha. Anayepaswa kurudisha maji kwa haraka, kwa kiasi cha mara moja na nusu ya uzito uliopungua, ni yule mwenye shindano jingine siku hiyo hiyo, na sidhani kama ni wewe. Ukifika nyumbani panda mizani mara ya mwisho. Ikionyesha umeongezeka kuliko asubuhi, mbio zijazo punguza vikombe.